Mtani wangu Prosper, mwalimu wa Kiingereza wa ghalani

Akili imegoma kabisa, jamani. Prosper! Mwalimu Prosper, mtani wangu, ametutoka jana asubuhi. Presha.

Shemeji, mke wake, alinipigia nikiwa lab ya chuo nahangaika na kompyuta iliyogoma kuwaka. Nikamwambia, "Shemeji, acha utani." Akasema, "Mtani ni wewe, shemeji. Mimi nakuambia kaka yako hayupo." Nilikaa chini palepale sakafuni.

Kesho tunampandisha kwao Mgeta. Kwa msiojua, yeye Mluguru, mimi Mnyamwezi, na kwa mila zetu mtani ana kazi msibani: kuwachekesha wafiwa, hata kwa kumwigiza marehemu mwenyewe. Wazee wa ukoo wameshanipigia, wananitegemea. Tangu jana natafuta kichekesho, sipati hata kimoja. Ndiyo maana naandika hapa, labda nitakipata.

Tulikutana mwaka wa kwanza wa masomo ya chuo, tukapangwa chumba kimoja hosteli. Alishuka mlimani na sanduku la bati na redio kaseti. Kila jioni anajirekodi akiongea Kiingereza, halafu anajisikiliza huku amekunja uso. Mimi nacheka mpaka jirani anagonga ukuta.

"Cheka tu, mpagazi," ananiambia. "Babu zako walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani, Kiingereza utakijulia wapi?"

"Na wewe mguu mmoja umekuwa mfupi kwa kulima mlimani, mbele ya darasa utasimamaje?"

Hiyo ndiyo ilikuwa shikamoo na marahaba yetu, miaka yote.

Vyuo vya binafsi viliporuhusiwa, tuliajiriwa pamoja kwenye kimoja kilichopanga ghala la kiwanda cha katani. Kiwanda chenyewe kilibinafsishwa, kisha kikafa. Yeye akafundisha Kiingereza, mimi kompyuta. Mvua ikinyesha, ghala linanuka katani mpaka leo.

Kompyuta zetu za kwanza zilikuwa mtumba kutoka Dar, zile zenye chogo. Tulizipokea stendi ya Msamvu kwenye basi. Prosper akabeba kibodi. Moja! Mengine yote akaniachia mimi: "Kazi ya ukoo wenu hiyo, nisiwanyang'anye."

Nimecheka kidogo hapo. Kidogo tu.

Sasa niseme la Salome, maana bila yeye hamtamwelewa Prosper. Muhula ule wa kwanza, binti huyu kutoka Kilosa alisimama kutoa presentation yake. Sentensi ya pili akakwama. Darasa zima likaangua kicheko. Mnakijua kicheko cha darasa la Kiingereza la kwetu. Salome alikaa, akafunga mkoba wake, na hakuonekana tena.

Prosper alimtafuta mpaka akampata stendi anauza mitandio. Alimbembeleza sana. Binti alimsalimia kwa heshima zote, akamkatalia. Prosper ungeweza kumtania kwa lolote, hata kwa mama mkwe, ila si kwa hilo.

Wiki hiyo akaja lab. "Mtani, mtu akivaa headphone, anamsikia anayemcheka?"

"Hamsikii."

"Basi nitafutie za darasa zima. Na maiki."

Weee! Mngekuja kuona. Darasa zima linaongea kwa pamoja, kila mtu na kompyuta yake, kila mtu na Kiingereza chake. Ukipita nje ungedhani ni mnada wa ng'ombe. Ndani, watu waliokuwa hawajawahi kufungua mdomo wanabishana na skrini. Yeye baadaye anasikiliza mmoja mmoja, anamrekodia majibu kwa sauti yake mwenyewe, na kosa la mtu linabaki siri ya wawili.

Mgao wa umeme ulipotukaba, wenzetu walirudi kwenye chaki. Prosper akahamia kwenye simu. Jirekodi nyumbani, uje umrushie mwalimu kwa Bluetooth. Memori kadi yake ilijaa sauti za wanafunzi, wimbo hata mmoja haukupata nafasi.

Na siku ya kwanza ya kila mwaka wa masomo! Ile kaseti ya hosteli nilimhamishia kwenye kompyuta. Anawawekea wanafunzi wapya kwenye spika, sauti ya juu kabisa. Prosper kijana anakiparamia Kiingereza kama mbuzi anayepanda ukuta. Mimi kazi yangu kusimama nyuma na kuanzisha kicheko.

"Huyo ni mimi," anawaambia. "Chekeni. Chekeni mmalize, maana kuanzia kesho humu ndani hachekwi mtu."

Wanacheka mpaka machozi yanawatoka. Na kweli, kuanzia kesho yake hachekwi mtu.

Juzi jioni aliniambia, "Mpagazi, maiki ya dirishani inakwaruza. Mtoto wa watu anasikika kama ana mafua." Nikamjibu, kesho. Nimeitengeneza leo. Inasikika vizuri sana, Prosper.

Sasa nisikilize, ndugu yangu. Kichekesho nimekosa. Kimebaki kile cha mila. Kesho kabla hujashushwa, mtani ndiye anatangulia. Nitaingia kaburini mwako, nitalala, nitagoma kutoka mpaka ukoo unibembeleze. Nimefanya hivyo kwenye misiba mingi ya Waluguru. Watu hucheka, mimi hutoka mwenyewe nikijipangusa udongo.

Nyie mliosoma ghalani, kesho mkifika Mgeta sogeeni karibu na kaburi. Mkinisikia nasema sitoki, wengine wacheni wacheke, hawana kosa. Ila nyie msinibembeleze. Shukeni wawili watatu mnishike mikono mnitoe, kwa sababu nitakuwa namaanisha.

Usingizi mwema, Mluguru wangu.