Raizoni Moja Mwandiga, Nyingine Ilagala

Kiatu cha babu kilikuwa cha kushoto. Nilikikuta chini ya kitanda chake, nyumbani Mwandiga, kimezungushiwa gazeti na kujazwa matambara ili kisipoteze umbo. Ni raizoni, rangi ya damu ya mzee, soli nene kama tofali. Vijana wa miaka ya sabini walizivaa chini ya bugaluu, zile suruali zilizopanuka kuanzia gotini mpaka zikafagia barabara.

Nilikuwa nimemaliza chuo. Kazi sikuwa nayo, ila nilikuwa na chumba kilichojaa nguo za zamani. Nyingine nilizitoa kwenye mitumba, nyingine kwenye masanduku ya shangazi zangu: magauni yenye vifungo vikubwa, miwani iliyofunika nusu ya uso, mkoba wa ngozi wenye kibano cha rangi ya dhahabu. Mama alikuwa akisimama mlangoni na kusema, "Wenzio wamerudi na vyeti. Wewe umerudi na cheti na makorokoro."

Nilikuwa nimepanga maonyesho yangu ya kwanza katika ukumbi wa shule moja Gungu. Raizoni ndiyo ingekaa meza ya mbele. Lakini kiatu kimoja mezani si maonyesho. Mtu angedhani kumetokea ajali.

"Babu, cha kulia kiko wapi?"

"Ilagala."

"Kinafanya nini Ilagala?"

"Kinakaa na mwenyewe."

Ndipo akanieleza. Yeye, Muha, na rafiki yake, kijana wa Ujiji ambaye wazazi wake walitoka Kongo, walikuwa wakibeba mizigo pamoja bandarini. Walichanga wakanunua jozi moja kwa mfanyabiashara aliyevuka ziwa nayo. Wiki hii alivaa huyu, mwenzake akaingia dansini na makubazi. Wiki ijayo wakabadilishana. Babu, mwenye mguu mdogo, alisokomeza pamba kwenye ncha. Rafiki alipooa na kuhamia Ilagala waligawana, kila mtu kimoja.

"Kwa nini hamkumwachia mmoja vyote?"

"Angecheza bila mwenzake," babu akasema, kana kwamba nimeuliza kwa nini maji yanalowesha.

Tangu hapo raizoni zile hazikugusa sakafu ya dansi. Wazee wenyewe walibaki kusalimiana kwa simu sikukuu zikifika.

"Changu chukua," babu akasema. "Cha kwake kamwombe wewe. Mimi siombi. Nikiomba atasema Muha ameshindwa."

Nililifikiria jambo hilo mpaka kichwa kikauma. Nibebe sukari au sabuni? Niende na kiatu, au niende mikono mitupu? Nikienda na kiatu, je, hatadhani babu amefariki na mimi nimetumwa kurudisha? Wazo hilo lilinikosesha raha, nikajiandalia maneno ya kuanzia: Shikamoo, babu mzima, anakusalimu. Niliyarudia njia nzima ya kwenda Ilagala. Abiria wa jirani alichungulia kwenye kikapu changu, akaona kiatu kimoja, akasogea pembeni kabisa.

Nilimkuta mzee kivulini mwa nyumba yake, mkewe akichambua dagaa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe wa nani, binti?"

Mikono ikatangulia mdomo. Nikatoa kiatu.

Mzee aliinuka polepole. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema. "Lini?"

Mkewe akaweka mikono kichwani.

"Mzima!" nikapiga kelele. "Babu mzima! Asubuhi kala ugali, akaomba aongezewe!"

Yule mama akaanza kucheka, mzee akafuata, akacheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa shati. Akanikemea akiwa bado anacheka. "Kiatu cha mtu hakimtangulii mwenyewe, wewe! Ungeniua. Haya, anasemaje huyo Muha?"

"Anasema hakuombi."

"Kiburi hakijapungua! Mwambie bila raizoni tulikuwa tunamtafuta kwa tochi, kwa ule ufupi."

Aliingia ndani, akatoka na kiatu cha kulia. Kilikuwa kimepigwa rangi mpaka kinang'aa. Nikanyoosha mikono. Akakirudisha kifuani.

"Kukupa, sikupi. Hiki kinatoka na mguu wangu. Maonyesho yako lini?"

Jumamosi nilipanga meza mara nne, nikatandika kitambaa cheupe, nikaandika kwa herufi kubwa: TAFADHALI USIGUSE. Niliwaza hatakuja mtu. Watu walipoanza kuja, niliwaza wamekuja wengi mno. Mchana pikipiki ikasimama mlangoni, mzee wa Ilagala akashuka akiwa amekumbatia mfuko. Babu alikuwa amesimama pale pale mlangoni tangu tulipofika.

"Mwakeye!" mzee akaita.

"Saa nane mchana unanipa salamu ya asubuhi! Umeoa Muha, umezaa Waha, na Kiha bado kimekushinda?"

"Nimeanza kukusalimu asubuhi. Wewe ndiye umechelewa kusikia."

Wakashikana mikono, hawakuachiana. Nikaviweka viatu pamoja juu ya kitambaa. Vilikuwa havijakaa hivyo tangu kabla mama hajazaliwa. Mtu akafungulia rumba ya zamani kwenye spika, na hapo hapo babu akachukua cha kushoto.

"Babu, imeandikwa usiguse!"

"Wameandikiwa wageni."

Kila mmoja akavaa chake, mguu mwingine ukabaki na ndala. Babu akawa mrefu upande wa kushoto, rafiki yake mrefu upande wa kulia, hivyo walipojipanga bega kwa bega waliinama kila mtu kuelekea kwa mwenzake. Wakaanza kucheza. Mimi nilijua gundi ya zamani hukauka, na kwamba kiatu cha aina ile hakipaswi kubeba uzito. Nilifungua mdomo niwazuie. Soli ya babu ikafunguka mdomo kabla yangu.

Hawakusimama, hata ya mwenzake ilipoachia. Nikageuka nitafute msaada, nikamwona mama ametundua gauni lenye vifungo vikubwa, amelivaa juu ya nguo zake, mkoba wenye kibano uko mkononi, anazunguka. Basi nikavaa ile miwani na kuingia katikati. Sikujua mikono niiweke wapi. Hakuna aliyeiangalia.

Jioni mzee wa Ilagala alirudisha kiatu chake mfukoni, na babu akakumbatia chake.

"Si mniachie tu vyote?" nikajaribu.

Walinitazama kwa huruma.

"Soli hizi lazima zishonwe na fundi mmoja, zilingane," babu akasema. "Utaniletea Mwandiga."

"Mwandiga kuna fundi gani? Wewe ndiye utakuja Ilagala."

"Na hili goti langu?"

"Njoo nalo."

Walitoka wakibishana hivyo hadi kwenye pikipiki, na mwenye pikipiki akauliza kwa upole kama safari bado ipo.