Vyuma Alivyovitoa Masta Dapaah

Pale Suame, Kumasi, kwenye magereji yetu, kila fundi ana jambo moja analoliamini kuliko mengine. Wa breki wanaamini breki. Wa umeme wanaamini kwamba wenzao wote ni wajinga. Masta Yaw Dapaah, ambaye gereji yake ilitazamana na meza yangu ya wali na maharage, aliamini utulivu wa injini. Nasema aliamini, na nalitumia neno hilo kwa heshima, maana mimi ni mtu wa kanisa na imani nikiiona naijua.

Ukikaa kula wali kwangu ilikuwa lazima umsikilize.

"Injini ya silinda tatu," angeanza, akiwa na kijiko mkononi, "ni benchi lenye wanene wawili, mmoja kila mwisho. Huyu akiinuka, yule anakaa. Benchi litatulia lini? Sasa watu wakaona wachukue sita, wazigawe tatu huku, tatu kule, zimeegemeana kama mbuzi. Fupi, inaingia popote. Lakini kila upande umebaki na tatu zake na ugomvi wake. Zile zinazolala chini zikitazamana, hizo sawa, zinatoka pamoja zinarudi pamoja kama mikono inayopiga makofi. Lakini sita kwenye mstari mmoja! Mama, hiyo ni kwaya. Kila anayepanda ana mwenzake wa kumtuliza. Hata Mungu akiisikiliza hapati la kusahihisha."

"Masta, Mungu mwache," ningemwambia.

"Namsifu, Mama. Sijamgusa."

Kisha angenawa mikono, angeingia kwenye kigari chake cha silinda tatu, na kukiwasha. Mashavu yake yalikuwa yakitikisika mpaka anapotea kwenye kona.

Injini za sita zilikuja kwake mara chache, kwa wakubwa. Riziki yake ilikuwa za nne, za mabasi madogo na magari ya mizigo. Na kuhusu za nne alikuwa na fundisho lake mwenyewe. Pistoni mbili zinapanda, mbili zinashuka, ukijumlisha unapata sifuri, kwa hiyo injini ya nne imekwisha kusawazika yenyewe. Sasa kuna injini fulani za nne zilizoletwa kutoka Japani, ambazo waliozitengeneza waliweka ndani shafti mbili zaidi, fimbo nene za chuma zinazozunguka, ubavuni, huku na huku. Dapaah alizichukia shafti hizo kama mtu anavyomchukia mgeni asiyeondoka.

"Zinaendesha nini?" angeuliza watu wote walioko mezani. "Pampu? Hapana. Feni? Hapana. Zinajizungusha tu, tena mara mbili upesi kuliko kranki yenyewe inayozungushwa na pistoni. Na kamkanda kake kakikatika, kanaingia kwenye mkanda mkubwa, injini yote inakufa. Hawa ni wazee wa kamati ya jengo la kanisa. Wanazunguka, wanakunywa, kazi yao haionekani."

Watu walicheka. Mimi nilikuwa kwenye kamati ya jengo, sikucheka sana.

Basi akawa anazitoa. Kila injini ya namna ile iliyopita mikononi mwake ilitoka bila shafti zake, na nyuma ya gereji kulikuwa na rundo la vyuma hivyo, vyeusi, vizito, vimelaliana. Wanafunzi wake nao, siku ya kuhitimu, walipokwisha kuombewa na kumwagiwa poda ya pongezi, waliondoka na boksi la spana na fundisho hilo. Sasa wako Tamale, wako Takoradi, na wote wanatoa shafti. Jina la Dapaah lilikuwa kubwa kwa sababu ya kuondoa kitu, jambo ambalo hata serikali huwa haijengi jina kwalo.

Ndivyo ilivyokuwa wakati Ntim alipomletea gari lake la maiti. Ntim ni mtu mpole, alivaa suti nyeusi hata akienda kununua vitunguu. Gari lilikuwa zuri, lina mapazia ya zambarau na shaba inayong'aa pande zote, lakini injini imechoka. Dapaah akaifungua, akaijenga upya, akatoa anachotoa siku zote.

"Atakayelala humu," alimwambia Ntim akimrudishia funguo, "atadhani bado yuko kitandani kwake."

Safari ya kwanza ya gari baada ya matengenezo ilikuwa kumrudisha nyumbani marehemu Kwame Tawiah, mwenzetu wa kanisani, mnunuzi wa kakao. Alikuwa amekula supu jioni, akalala, hakuamka. Supu ilipikwa na mkewe, Adwoa Frema, kama supu zote kwa miaka yote waliyoishi pamoja, na zote zile hakuna aliyeziulizia. Hii ya mwisho ndiyo iliyouliziwa, na muulizaji alikuwa dada wa marehemu, Abena Korantema, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo.

Nyumba ndiyo iliyokuwa shina la maneno. Kwetu mali ya mwanamume inakwenda kwa ndugu wa upande wa mama yake, lakini nyumba ile Frema aliijenga pamoja na mumewe, akiuza vitambaa, na wazee walikuwa wamekwisha kusema hatatolewa. Mjane asiye na doa hafukuzwi. Ila mjane aliyenyooshewa kidole na marehemu mwenyewe ni habari nyingine. Zamani maiti ilibebwa vichwani kupitishwa mitaani, na ilimsukuma mbebaji mpaka kwa aliyemuua. Jambo hilo lilikatazwa kabla sijazaliwa. Watu wameacha kubeba, lakini hawajaacha kungojea.

Jumamosi asubuhi tulikuwa nyuma ya gari, sisi akina mama wa kanisa, tumevaa nyekundu na nyeusi, tunaimba. Dapaah alikaa mbele pembeni ya Ntim. Alisema anamsindikiza marehemu, rafiki yake, lakini nilimwona ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mtoto akikariri, akaelekea kuridhika. Barabara ya chini ni tambarare, gari lilikwenda kama maji kwenye kikombe.

Nyumba ya Tawiah iko juu ya mteremko mkali, na katikati ya mteremko, kwenye ukuta wa ua kando ya barabara, liko jiko la Frema. Ntim akaweka gia ndogo, akatia resi. Injini ikapaza sauti. Na tulipofika usawa wa jiko, ndani ya gari tukasikia ko-ko-ko-ko-ko. Jeneza lilikuwa linabisha.

Wimbo wetu ukafa mdomoni. Ntim, kwa hofu, akaachia mafuta, gari likarudi nyuma taratibu mpaka tambarare, na kubisha kukakoma.

"Labda ni jiwe," akasema Dapaah dirishani, sauti yake nyembamba.

Ntim akapanda tena. Palepale jikoni, ko-ko-ko-ko-ko.

Korantema akatupa kitambaa chake chini. "Mmesikia? Hamkusikia, mnataka aje awaandikie? Kaka yangu anabisha! Anabisha mlango wa jiko! Kwame, sema baba, sema! Huyu mwanamke alikupa nini?"

"Dada, nimempa supu ya samaki," Frema akasema. Alikuwa mlangoni, kamba ya ujane shingoni.

"Nani kakuita dada? Dada yako yuko wapi hapa? Mvueni hiyo kamba! Atoke na kifurushi chake, marehemu haingii humo mpaka yeye atoke!"

Mkuu wa ukoo, Nana Atobra, mzee mwenye magonjwa ya miguu, aliinua mkono watu wanyamaze, lakini naye alikuwa amesikia yale tuliyoyasikia. Akasema kwa huzuni kwamba afadhali Frema asogee pembeni kwanza. Vijana wawili wakaingia ndani, wakaanza kutoa sanduku lake la nguo.

Nilimtazama Dapaah. Mtu mwingine yeyote pale angeweza kudhani ni mzimu. Yeye hakuweza, maskini. Jasho lilimtoka kama yuko chini ya gari. Aliangalia jeneza, akaangalia boneti, akaangalia sanduku la Frema likiwekwa barabarani. Mbele yake umati ulikuwa na madereva wasiopungua nusu, na nusu ya hao walikuwa wanaendesha injini za mkono wake.

Nilisali kimya. Sikuomba jambo kubwa, niliomba tu mdomo wake ufunguke.

Akashuka. "Nana, naomba jeneza lishushwe kidogo. Na naomba kreti la soda, chupa tupu."

"Una kiu saa hii?" Korantema akamuuliza.

Gari likateremshwa tambarare, jeneza likawekwa kwenye mabenchi chini ya turubai la wafiwa. Kreti likawekwa mahali pa jeneza ndani ya gari. Dapaah mwenyewe akashika usukani, akapanda mteremko kwa gia ileile. Usawa wa jiko chupa zote zikalia kama kengele za Krismasi.

"Haya," akasema dereva mmoja nyuma yangu, "na soda nazo Frema kazipikia supu?"

Watu wakaanza kucheka, kicheko cha kuficha aibu. Korantema hakucheka. "Roho haishuki na jeneza, wewe! Kaka yangu bado yumo humo garini. Anabisha kwa chupa."

Hoja ilikuwa nzuri, lazima niseme kweli. Kicheko kikaisha, na sanduku la Frema likabaki barabarani.

Dapaah akarudisha gari mpaka chini kabisa, tambarare, mbali na jiko, umati ukimfuata. Akasimama, akavuta breki ya mkono, akatoa gia, akafungua boneti ili kila mtu aone. Gari halikusogea. Akatia resi polepole. Chupa kimya. Zaidi kidogo, kimya. Akafikia ile sauti ya mlimani, na chupa zikalia. Akapunguza, zikanyamaza. Akarudia mpaka hata watoto wakawa wanajua zitalia wapi.

"Sasa Mama Korantema," akasema, "hapa jiko la Frema liko wapi?"

Korantema akaangalia huku na huku, kama jiko lingeweza kumfuata. Halikuwapo. Lakini Nana Atobra alikuwa mtu wa kumaliza jambo.

"Masta, tumeona ni injini," akasema. "Lakini gari hili nimelipanda mwaka jana kumzika shemeji yangu, kwenye mteremko huuhuu. Halikubisha. Nani kaligusa?"

Hapo ndipo njia zote zilipokwisha. Ntim alitazama viatu vyake. Ni mpole, asingesema.

"Mimi, Nana."

"Umefanya nini?"

"Nimetoa shafti mbili."

"Zilikuwa mbovu?"

"Nzima, Nana. Zilikuwa nzima."

Madereva wakasogea. Dapaah alisema mengine akitazama chini. Alisema kwamba mbili zikipanda na mbili zikishuka si sifuri kamili. Pistoni ikiwa juu inakimbia kuliko ikiwa chini, kwa hiyo kila mzunguko unabaki msukumo mdogo, mara mbili, na ukiongeza mwendo msukumo unakua. Zile shafti zinazunguka mara mbili upesi kwa sababu hiyo, zinausukuma msukumo urudi. Kazi yao ni hiyo, na ndiyo maana haionekani.

"Na ulijua?" Nana akauliza.

"Injini ya kwanza niliyozitoa, nilisikia kitu miguuni, kwenye sakafu."

"Ukafanya nini?"

"Niliweka zulia."

Kisha dereva mmoja akasema, "Ndiyo maana meno ya mke wangu yanagongana!" na kelele zikaanza, kila mmoja na gari lake, na mgongo wake, na kioo chake cha pembeni kilichodondoka.

Nana Atobra akagonga fimbo. Nilidhani angewapeleka watu nyumbani tumzike mtu wetu kwa amani, lakini mila ina njaa yake. Maiti ilikuwa imesumbuliwa. Mkosaji alikuwa ametafutwa tangu asubuhi na ilikuwa lazima apatikane, na sasa alikuwa amepatikana, tena amejileta. Dapaah akahukumiwa kondoo na chupa ya pombe ya kumwagia chini, na kumwomba marehemu radhi kwa mdomo wake, mbele ya watu wote.

Akavua viatu, akateremsha nguo yake begani kwa heshima, akasimama mbele ya jeneza.

"Kwame," akasema, "nimekutikisa, ndugu yangu. Kosa si la mkeo. Supu yake hata mimi nimeila sana hapo kwako, niko hai. Kosa ni langu. Unajua nilivyokuwa nakwambia mbili juu mbili chini? Ulikuwa unasinzia, najua. Basi si hivyo." Akaeleza upya, kwa upole, pistoni inavyokimbia juu na kujivuta chini, mikono yake ikipanda na kushuka. Lilikuwa somo lake la kwanza ambalo halikukatizwa na mtu yeyote.

Alipomaliza, ikabaki kazi ya kumpandisha Tawiah nyumbani. Ntim akashika funguo, Korantema akamshika mkono. "Usiwashe hilo dude lako!"

Basi injini ikakaa kimya, jeneza likarudishwa ndani, na vijana wakalisukuma gari. Dapaah aliingia katikati yao, miguu mitupu, bega kwenye mlango wa nyuma. Akina mama tukashika wimbo pale tulipouacha. Mbele ya jiko hapakusikika kitu, ila pumzi za wanaosukuma.

Mlangoni kwake Frema alikuwa bado amesimama kando ya sanduku lake, hajui aende upande gani. Korantema akafika wa kwanza, akihema, hakumtazama usoni.

"Wee Frema, umeganda nini hapo?" akasema. "Mumeo amefika, kitanda cha kumlaza bado hakijatandikwa. Shika huko, tulirudishe ndani hili sanduku, linaziba njia."

Wakalishika, huyu huku na huyu kule, wakaingia nalo.