Posa ya online: Queen Mapozi alipiga hodi, na mlango nimeushika mimi

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Haya ninayoandika yamenikuta mwenyewe hapa Tabora mwaka huu. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana baadhi ya wahusika wanaingia humu kusoma kimya kimya bila kucomment. Nawajua.

Naomba mnicheke mkishamaliza kusoma, siyo kabla.

Mimi ni fundi makochi. Laptop ninayo, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuwaonyesha wateja picha za makochi ya Uturuki, ambayo nikiwashonea yanatoka ya Isevya, mtaani kwetu. Mambo ya mikutano ya video nilikuwa nayasikia tu kwa watu wa semina.

Nina mchumba, tumwite Rehema, mwalimu kule Urambo. Baba yake alishafariki, kwa hiyo kauli yote iko kwa baba yake mkubwa, Mzee Shija, mkulima na mfugaji wa Ziba.

Mzee Shija alisema neno moja tu: hapokei posa bila dada yake kuwepo. Huyo dada ndiye shangazi aliyemlea Rehema. Yuko Mwanza, ametoka kufanyiwa upasuaji wa mguu na daktari kamkataza safari.

Ningesubiri apone, lakini kulikuwa na mtu wa Igunga, mwenye ng'ombe, aliyeanza kutuma salamu Ziba.

Wakuu, salamu za mwenye ng'ombe hazipuuzwi.

Rehema akanipigia simu. "Baba mkubwa anasema mwezi huu ndio mwisho wa kungoja. Baada ya hapo anamsikiliza yule mwingine. Fanya kitu."

Ndipo nikajitia ujuzi. Nikasema tufanye kikao online, shangazi awe Mwanza, mzee awe Ziba, sisi tuwe hapa Tabora. Rehema akafurahi, akamweleza mzee, mzee akakubali. Nikalala usingizi mzuri mara ya mwisho.

Nikaenda kumweleza mshenga wangu, Mzee Hamisi, muuza vitambaa wa hapa mjini ambaye ameshapeleka posa nyingi kuliko makochi niliyoshona. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Sasa tutakutana kwa nani?"

"Online, mzee."

"Nimesikia. Nyumbani kwa nani?"

"Siyo kwa mtu yeyote, mzee. Ni hewani."

Akavuta kofia yake mbele. "Posa haiendi mahali pasipo na mwenyewe, kijana."

Nikacheka. Kumbe swali lilikuwa la maana kuliko app nzima.

Basi nikadownload ile app (sitaji jina nisije nikaonekana naipigia debe). Wakuu, nani alitunga yale mambo? Mute, unmute, ID, passcode, join with audio, join without audio. Nani anaenda mkutanoni bila sauti? Nikatazama video za mafunzo mpaka bando likaisha, na nilichoelewa ni vitu viwili tu.

Kwanza, anayetengeneza mkutano ndiye host. Nikaona jina langu pale, HOST, nikajisikia mtu mkubwa.

Pili, kuna wahuni wanaingia mikutano ya watu na kuonyesha uchafu. Kwa hiyo usiruhusu jina usilolijua. Hili nililishika kama amri.

Link nikamtumia Rehema, yeye akawagawia ndugu zake. Yeye mwenyewe siku hiyo alikuwa darasani, na kwa mila bibi harusi hakai kwenye kikao cha posa. Hata mimi sikutakiwa kukaa. Lakini nani angeshika mashine? Tukakubaliana nijibanze pembeni, nje ya kamera, nibonyeze tu.

Asubuhi ya kikao tukakaa sebuleni kwetu. Mzee Hamisi na kanzu yake, mama yangu pembeni yake, laptop juu ya stuli. Mama akafungua kikao hichohicho na kwenye simu yake ili aone vizuri, sauti zikaanza kupiga kelele kama filimbi mpaka kuku nje wakatawanyika. Sikujua tatizo ni nini. Nikazima kila kitu, nikawasha tena laptop peke yake, ikatulia. Mpaka leo naamini niliitengeneza mimi.

Shangazi akaingia kutoka Mwanza. Tuliona dari yake, feni, na kipande cha kilemba. Salamu zikaanza, na wazee mnawajua kwa salamu. Habari za mguu, habari za mvua, za watoto, za majirani wa Mwanza ambao hatuwajui.

Tunamsubiri Mzee Shija.

Mara juu ya kioo pakatokea maandishi madogo: Queen Mapozi is waiting.

Simjui Queen Mapozi! Nikajifanya sijaona. Baada ya muda akapotea.

Salamu zikaendelea. Akatokea tena. Safari hii Mzee Hamisi alikuwa amevaa miwani, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, "Kwini... Mapozi. Huyu ni nani?"

Mama akanigeukia taratibu. Nyie, mama yangu ana jicho la kuuliza bila kufungua mdomo.

"Simjui, mama. Wallahi simjui."

Na kule Mwanza mic ya shangazi iko wazi. "Mapozi ndiyo nani huyo?"

Nikaona posa inakufa mbele yangu kwa ajili ya mwanamke ambaye hata sijawahi kumwona. Akapotea tena, nikamshukuru Mungu.

Akarudi mara ya tatu.

Nikasema sasa nawaonyesha wote kwamba simjui. Nikabonyeza Remove. Ikaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ninao.

Mama akatikisa kichwa kwamba vizuri. Mzee Hamisi akarudi kwenye salamu, akawa ndiyo kwanza anafika kwa wajukuu wa shangazi, kioo kikafunga chenyewe. Muda wa bure wa app umekwisha. Mzee Shija hakutokea kabisa.

Nikalaumu mtandao wa Ziba.

Tulikuwa bado tunashangaa, simu ya Mzee Hamisi ikaita. Akaweka loudspeaker.

"Hamisi, mwangaluka."

"Mwangaluka, Mzee Shija. Tumekungoja sana."

"Mmeningoja? Mlikuja kuomba mtoto au mlikuja kunionyesha mlango?"

Mzee Hamisi akavua miwani.

"Ninayeombwa mtoto ni mimi. Tangu lini mwenye nyumba akapiga hodi kwa wageni wake? Nikasema haya, ndiyo mambo ya kisasa, nikapiga hodi. Kimya. Nikangoja, nikapiga ya pili. Kimya. Ya tatu mkanifukuza. Binti yangu kanisomea hapa: umeondolewa."

Wakuu, nilikaa chini sakafuni, na makochi yamejaa humo ndani.

Queen Mapozi ni binti yake wa mwisho. Mzee hana simu ya kisasa, kwa hiyo alitumia ya binti yake, na jina la binti huko mitandaoni ndilo hilo. Shangazi mwenyewe alikuwa halijui.

Nilifungua kikao kilekile tena nikamtumia link, ikamkatalia. Kumbe ukimwondoa mtu mlango unamfungia moja kwa moja kwenye kikao kile. Hata sikujua nimefunga na nini wala ufunguo uko wapi.

Kwa wasioujua mji huu: Tabora watu wamepokea wageni tangu enzi za misafara ya miguu. Anayekuja humjui anapewa maji kwanza, jina baadaye. Leo mtoto wa hapa kamwacha mlangoni mzee wa watu anayeombwa mke. Mzee Hamisi aliona aibu kuliko mimi. Alikunja kofia yake, akaifunua, akaikunja tena. Hakunitukana, na hilo liliniuma zaidi.

Rehema alipotoka darasani nikamweleza. Akakata simu. Kesho yake akapanda gari kwenda Ziba. Alipita Tabora hapahapa bila kunipigia, wakuu. Mimi nilishaanza kumwona yule wa Igunga anafungua zizi.

Jioni ikaingia meseji yake: "Baba mkubwa amekubali kikao kingine. Safari hii host ni yeye. Ninyi ndio mtakaopiga hodi. Na simu anashika mwenyewe."

Ikafuata link. Imeandikwa Queen Mapozi anakualika.

Siku ikafika. Sebule ileile, kanzu ileile. Nikabonyeza. Kioo kikaandika kwamba tusubiri, mwenyeji atatufungulia.

Tukasubiri.

Tukasubiri tena. Sikujua kama mzee hajui pa kubonyeza, au anajua sana. Kama mtandao umekata, au yule wa Igunga kakaa pale pale pembeni yake anakunywa chai. Nikainuka nikagusa waya, nikakaa. Nilitaka kumpigia Rehema, mama akanishika mkono.

Mzee Hamisi akakohoa, akaisogelea laptop, akasema kwa sauti ya mtu aliyesimama nje ya ua, "Hodi!"

Nikataka kumwambia mzee, hapo hawatusikii. Nikashindwa.

Kimya.

"Hodi wenyewe!"

Kimya.

Akafungua mdomo, akaufunga. Mama akamwambia, "Piga ya tatu basi."

"Siipigi," akasema. "Ya tatu ikikosa jibu, lazima tuondoke. Huyu mtoto atakosa mke. Tukae hapahapa na mbili zetu."

Wakuu, machozi yalinilenga. Mzee wa watu amekaa mbele ya kioo cheupe, ameshika hodi yake moja mdomoni kwa ajili yangu.

Kisha kioo kikabadilika. Likatokea paji la uso limejaa kioo kizima, halafu jicho, halafu sauti.

"Karibuni."

"Tumekaribia," akajibu Mzee Hamisi.

Mzee Shija akasogeza simu tukamwona vizuri. Alikuwa hacheki, lakini hakuwa na hasira. Akamwangalia mshenga wangu na kumwuliza, "Hamisi, ile ya tatu mliificha wapi?"

Shangazi akaingia kutoka Mwanza na feni yake, kikao kikaanza, na kabla muda wa bure haujaisha posa ilikuwa imepokelewa. Salamu safari hii zilikuwa fupi.

Nilichojifunza: kabla ya kikao waulize watu wataingia kwa jina gani. Mtu akisubiri mlangoni kwako, muulize yeye ni nani kabla hujamwondoa. Na kwenye posa, host ni upande wa binti. Hili halimo kwenye video yoyote ya mafunzo, nimetafuta.

Sasa swali langu, na ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Wataalamu wa IT humu, mtu akiwa bado waiting room, yule host anamsikia?

Maana kila niliyemuuliza ananiambia haiwezekani. Rehema nimemuuliza, anasema siku hiyo alikuwa jikoni huko Ziba. Mzee Hamisi nimemuuliza, akaniambia mwenye nyumba siku zote anasikia, ila anafungua akitaka.

Nisaidieni. Harusi inakuja, na mkwe huyu nitaishi naye.