Gemu ya Saa Moja na Nusu

Iskra Pejović alitengeneza gemu fupi, na ufupi ndio uliomponza. Mchezaji anaingia stoo ya bibi aliyefariki, anafungasha chupa za pilipili za kusindika, anasoma maneno ambayo marehemu aliandika kwenye vifuniko, kisha anazima taa na kutoka. Basi. Hata ukienda taratibu, ni saa moja na nusu. Aliihangaikia miaka mitatu peke yake, katika chumba chake cha utotoni mjini Zrenjanin, Serbia, na waliomshauri airefushe aliwajibu kwamba bibi yake hakufa kwa awamu.

Duka la mtandaoni alilouzia lina sheria yake: ukicheza chini ya saa mbili, unarudishiwa pesa bila maswali mengi. Ni sheria nzuri kwa aliyeuziwa takataka. Iskra ilimla mzimamzima. Watu walimaliza gemu, wakaandika kwamba wamelia kama watoto, halafu wakadai chao. Unalia, unapangusa kamasi, unadai chako! Wakati huo kampuni moja ya kamari huko Belgrade ilikuwa inamwita akachore picha za matunda zinazozunguka kwenye mashine zao za kuchezea pesa. Aliwaomba wamsubiri mpaka sikukuu ipite. Mauzo yakitengemaa, angeanza gemu ya pili na wao wangetafuta mwingine.

Siku ya Mtakatifu Nikola, msimamizi wa ukoo wao, nyumba ilijaa. Siku hiyo mwenye nyumba haketi, anahudumia wageni. Baba alishafariki na kaka yuko Vienna, kwa hiyo aliyesimama na sinia la samaki ni Iskra. Binamu yake Relja, aliyekuwa amemtangazia kila mtu kwamba yeye ndiye mnunuzi wa kwanza, alijipakulia vipande viwili.

"Jamani, huyu dada ni hatari!" akasema mdomo umejaa. "Kanitoa machozi mbele ya mke wangu. Nimeimaliza kwa kikao kimoja."

"Asante, Relja," Iskra akasema, na kwa kweli alifurahi.

"Halafu nikairudisha."

"Ukairudisha?"

"Si wenyewe wanaruhusu? Sasa gemu niliyoimaliza nikae nayo ya nini, niichemshe supu?"

Meza nzima ikacheka. Iskra akahisi masikio yanawaka.

"Na samaki huyo, utamrudisha lini?"

"Iskra!" Mama yake aliweka glasi chini kwa kishindo. "Leo mgeni hatukanwi nyumbani kwangu. Muombe radhi binamu yako."

"Mwache, shangazi, ananitania tu," Relja akasema, akisogeza sahani yake mbele ili aongezwe.

Iskra akamwomba radhi, akamwongeza samaki. Alimchukia kuliko watu wote wasiomjua waliomfanyia vilevile, kwa sababu huyu alikuwa amelia kweli, na bibi wa kwenye ile stoo alikuwa bibi yake pia.

Wiki iliyofuata alikuwa Belgrade. Meneja, kijana mcheshi, alimtembeza mbele ya mashine zinazomeremeta, akamwekea mkataba mezani. Iskra alikuwa na swali moja tu.

"Mchezaji akishaweka pesa, halafu akabadili mawazo, anarudishiwa?"

Meneja alicheka mpaka akashika tumbo.

"Hapa? Dada yangu, hapa hairudi hata dinari moja."

Iskra akaomba kalamu.