Sakafu ya Bi Luvenia

Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, bodi ya Mfuko wa Fidia kwa Waathirika wa Uhalifu ilikutana kwenye ghorofa ya pili ya jengo la serikali ya jimbo, na kila Alhamisi hiyo Bi Odessa Pruitt hakutia kitu kinywani tangu asubuhi. Si kwamba alifunga. Ni kinyaa tu.

Meza ilikuwa moja, na juu yake vilikaa pamoja mafaili na kifungua kinywa. Huku picha ya taya iliyovunjwa kwa nondo, huku sinia la mikate laini ya moto iliyozamishwa kwenye mchuzi mweupe wa soseji. Mwenyekiti, Bwana Gaylon Stroud, aliyekuwa mkuu wa polisi wa kaunti kabla ya kustaafu, alikuwa na mtindo wake. Anashika picha kwa mkono wa kushoto, anachovya mkate kwa wa kulia, anatazama, anatafuna, anasema, "Loo, huyu walimfanya kweli kweli," halafu anaomba pilipili. Kuna siku tone la mchuzi lilidondokea kwenye paji la uso la marehemu. Akalifuta kwa kidole. Akalamba kidole.

Bi Odessa aliona. Tangu siku hiyo, Alhamisi za bodi alikuwa anakunywa maji matupu.

Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa mfuko, na mfuko wenyewe ulijazwa na faini za wahalifu. Ukipigwa, ukipigwa risasi, ukiuliwa mtu wako, jimbo linaweza kukulipia hospitali, mazishi, hata kusafisha mahali palipomwagika damu. Linaweza. Neno hilo ndilo lililokuwa na kazi kubwa kuliko yote pale ofisini.

Alikulia katika kimji cha mashamba ya pamba, mama yake akipiga pasi mashuka ya hoteli ya barabarani. Odessa alipokuwa sekondari, mama alivamiwa na mwizi nyuma ya hoteli, akavunjwa kifundo cha mkono, na pasi hakuishika tena. Hakuna aliyewaambia kwamba kuna mfuko. Odessa aliujua miaka mingi baadaye, kwenye tangazo lililobandikwa ndani ya choo cha mahakama, juu ya pipa la taka. Hebu fikiria: serikali ina kitu cha kukupa, inakitangaza chooni! Akasimama pale mikono ikichuruzika maji, akasoma mpaka mwisho, na mwezi huohuo akaomba kazi. Aliamini kwamba hapo ndipo mahali pekee ambapo serikali humpigia mtu simu ili impe. Leo akilikumbuka wazo hilo, aliona haya kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya utotoni akiwa uchi.

Maana kumbe kulikuwa na neno jingine: safi. Mwombaji lazima awe safi. Kijana aliyechomwa kisu akiwa na kesi ya zamani ya bangi, si safi. Mwanamke aliyechelewa kwenda polisi kwa sababu aliyempiga ndiye mwenye funguo za gari, si safi sana. Bwana Stroud alilitamka neno hilo huku mchuzi ukimng'aa kwenye masharubu.

Basi, mwezi wa nane, joto likiwa limeubana mji kama mfuniko wa sufuria, likaja faili la Bi Luvenia Gadsden.

Mwanawe, Rodrick, fundi wa mafriji, alikuwa amekaa sebuleni akifunga kamba za viatu aende kazini. Watu waliokuwa wakimtafuta jirani wa ng'ambo walikosea nyumba. Wakapiga risasi kupitia mlangoni. Rodrick akafia palepale, kiatu kimoja mguuni. Hapo hata bodi ilikubali bila ubishi: kijana alikuwa safi. Mazishi yalilipwa.

Ugomvi ulikuwa sakafu.

"Anataka tulipie mbao mpya za sebule," alisema Bwana Delmas Hicks, mjumbe, mwenye maduka ya matairi. "Picha ya damu iko wapi?"

"Hakuna picha," alisema Bi Odessa.

"Risiti ya kampuni ya usafi?"

"Hakuna. Alisafisha mwenyewe."

Bwana Stroud akaweka mkate chini. "Kwa hiyo pamesafishwa?"

"Damu imepenya chini ya mbao, Mwenyekiti. Mwenye nyumba amempa hadi mwisho wa mwezi. Atengeneze sakafu au ahame."

"Nimekuuliza, pamesafishwa au hapajasafishwa?"

"Juu pamesafishwa."

"Basi. Sheria inalipia usafi, na usafi umeshafanyika. Bure. Tumlipe nani?" Akacheka, na Bwana Hicks naye akacheka hadi akapaliwa.

"Labda tumlipe jiki aliyotumia!" alisema Hicks, machozi yakimtoka.

Mjumbe wa tatu, Bi Charlene Ashby, mwalimu mstaafu, hakucheka. Lakini mkono aliunyoosha pamoja nao. Ombi likakataliwa.

Bi Odessa alimpigia Bi Luvenia simu mwenyewe. Hakutaka barua itangulie, ile barua yenye "tunakupa pole kwa msiba wako" iliyochapwa tayari juu, inayokwenda kwa aliyekubaliwa na aliyekataliwa vilevile.

"Sasa mwanangu," sauti ya mama ilisema polepole, "mimi nilikosea wapi? Nilisafisha nyumba."

Swali hilo halikumtoka Bi Odessa. Alilala nalo, akaamka nalo. Jumamosi akawasha gari akaenda.

Nyumba ilikuwa ya mbao, ndogo, yenye baraza mbele na mlango mpya usiopakwa rangi. Alifunguliwa na dada yake Bi Luvenia, Earline, mwanamke mnene mwenye kipepeo cha karatasi mkononi, kile cha kujipepea kanisani.

"Wewe ndiye serikali?" Earline aliuliza.

"Mimi ndiye."

"Nilidhani serikali ni ndefu zaidi. Pita. Pua uiache nje, kama una pa kuiacha."

Bi Odessa alikuwa ameisoma harufu ile katika ripoti nyingi mno. "Harufu kali", ziliandika ripoti. Uongo. Haikuwa kali. Ilikuwa tamu, nzito, ya kunata. Ilipanda kutoka chini kila feni ilipogeuka, ikachanganyika na jiki na siki, ikamkaa kooni. Inzi walitembea kwenye nyufa za mbao bila haraka, kama wenyeji.

Bi Luvenia alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni alichokisogeza ukutani, mbali na doa jeusi la damu lililobaki kwenye mbao.

"Polisi walipomaliza," alisema, "walikunja ule utepe wao wa manjano, wakaninong'oneza pole, wakaondoka. Nikakaa nikisubiri. Nilijua kuna watu wanakuja kusafisha. Si lazima wawepo? Kweli serikali imchukue mtoto na kuniachia damu?"

"Hakuna wanaokuja, mama," alisema Bi Odessa. "Ni wewe unayetakiwa kuita kampuni, kisha uombe kurudishiwa."

"Nani aliniambia?"

Earline akajipepea.

"Na kanisa zima lilikuwa linakuja jioni," Earline akasema. "Unajua kwetu. Mtu akifa, kabla jua halijazama kuna masufuria barazani. Kuku wa kukaanga, makaroni, keki. Akina mama na gauni zao nyeupe. Ungewapokea wapi? Wapite juu ya Rodrick?"

"Tulipiga magoti mimi na huyu," alisema Bi Luvenia. "Chumvi, siki, jiki. Kapeti tuliikata kwa kisu cha nyama. Jioni watu wakaingia, wakakaa, wakala, wakaimba. Hakuna aliyechafua kiatu." Akamtazama Bi Odessa moja kwa moja. "Hilo ndilo kosa langu?"

Bi Odessa alizaliwa katika desturi hiyohiyo, katika watu walewale. Mama yake alipofariki, yeye mwenyewe alisugua choo na kupiga deki kabla hata hajalia. Na Bwana Stroud naye, na Hicks, na Bi Charlene, nani kati yao hakukulia katika nyumba iliyosafishwa mbio kwa sababu wageni wa msiba wako njiani? Walijua. Walijua wote! Walikaa pale wakimuuliza mwanamke picha ya damu ya mwanawe kana kwamba wametoka mwezini.

Kinyaa kilichompanda hapo hakikuwa cha ile harufu.

Kanuni za mfuko ziliruhusu rufaa, na zilisema msimamizi ndiye anayepanga mahali pa kuisikiliza. Miaka yote hiyo mahali palikuwa palepale, ghorofa ya pili, na hakuna aliyewahi kufikiria pengine. Bi Luvenia alipokata rufaa, kwenye nafasi ya mahali Bi Odessa akaandika anwani ya nyumba ileile.

"Umepata wazimu?" Bwana Stroud alifoka kwenye simu.

"Kanuni inaniruhusu, Mwenyekiti. Kama huwezi kufika, nitaandika kwamba hukuhudhuria, na gazeti huwa linaomba orodha ya mahudhurio."

Alifika. Walifika wote, jua likiwa utosini, siku moja baada ya mvua ya radi iliyogeuza uwanja kuwa matope mekundu. Bwana Hicks alikuja akitania tangu getini. "Odessa, kuna kiyoyozi humo au tunaokwa?"

"Kuna feni," alisema Earline barazani. "Karibuni, waheshimiwa. Ingieni upesi, msiwafungulie inzi wakatoroka, tumewazoea."

Na ndani, mezani, Bi Luvenia alikuwa ameandaa. Hakuambiwa na mtu. Wageni wanakuja, basi wanaandaliwa. Kuku wa kukaanga chini ya kitambaa cheupe, keki ya siagi iliyokatwa vizuri, jagi la chai baridi yenye sukari. Feni ikageuka.

Utani wa Bwana Hicks ulikatikia katikati ya neno. Bi Charlene alitoa leso, akaiweka mdomoni, akaiondoa kwa aibu, akairudisha.

"Karibuni chakula," alisema Bi Luvenia.

Hakuna aliyesogea.

"Mwenyekiti," alisema Bi Odessa, sauti imetulia kama siku zote, "mama amekukaribisha."

Bwana Stroud, mtu wa kuchovya mkate mbele ya picha za maiti, alichukua kipande cha kuku. Akakileta karibu na mdomo. Inzi mmoja akainuka kutoka kwenye ufa, akazunguka, akatua juu ya kile kipande. Mzee akawa wa kijivu. Akakirudisha sahanini taratibu, akarudi nyuma hatua kadhaa kutafuta hewa ya dirishani, na viatu vyake vyenye matope vikakanyaga katikati kabisa ya lile doa.

Bi Luvenia akatoa sauti ndogo. Haikuwa neno.

"Tupige kura," alisema Bwana Stroud akiwa dirishani. "Tumeona. Nani anakubali?"

Hicks alinyoosha mkono kabla swali halijaisha. Bi Charlene pia, na mwenyekiti mwenyewe. Hakuna aliyeuliza picha, wala risiti, wala nani ni safi. Hakuna aliyemuuliza Bi Luvenia kitu chochote, hata jina la mwanawe. Bi Odessa aliandika "limekubaliwa" na hakusikia furaha. Aliitazama mikono ile mitatu hewani, akaona ni pua zilizopiga kura. Kama Bi Luvenia angejua kusafisha vizuri zaidi kidogo, leo angekuwa anafunga virago.

"Kwa sharti," aliongeza Bwana Stroud, leso puani. "Kazi ifanywe na kampuni yenye leseni. Wapige picha kwanza. Mpaka wafike Jumatatu, mwombaji asiguse chochote hapo. Akigusa, tunarudi palepale. Nadhani tumeelewana."

"Tumeelewana," alisema Bi Odessa.

Wakatoka karibu kwa kukimbia. Nje, Bwana Hicks alisikika akiuliza kama kuna mahali pazuri pa nyama choma upande huu wa mji, na Bwana Stroud akamjibu kwamba yupo jamaa karibu na daraja, mbavu zake laini ajabu. Milango ya magari ikafungwa.

Bi Luvenia alikuwa bado anatazama sakafu. Nyayo za Bwana Stroud zilibaki pale, nyekundu, soli nzima na kisigino, juu ya mahali alipolala Rodrick. Akainuka. Akaenda jikoni, akarudi na ndoo na kitambaa, akaanza kupiga goti.

"Mama, usiguse," alisema Bi Odessa.

"Ni matope tu."

"Najua."

"Amemkanyaga mwanangu. Nimwache hivyo hadi Jumatatu?"

"Ukigusa watakunyima. Nawajua. Watasema ulishasafisha tena."

Bi Luvenia akabaki ameinama, kitambaa kinadondosha maji. "Nyie ni watu gani?" akauliza. Alisema nyie, na Bi Odessa alijua yumo. Ni yeye aliyekuwa akitia saini barua zile zote.

Akavua koti lake la ofisini, akaliweka kwenye kiti. Akakichukua kitambaa mkononi mwa mama.

"Wamesema mwombaji asiguse," alisema. "Mimi sikuomba kitu."

Akapiga magoti. Akafuta matope, matope tu, polepole, akifuata ukingo wa kila alama, uso wake shibiri moja kutoka kwenye mbao. Joto la sakafu lilimpanda usoni. Pale chini harufu haikuwa na jina kabisa. Ilimwingia puani, mdomoni, machoni, na ndani yake zikaja zile Alhamisi zote, mchuzi mweupe, kidole kilicholambwa, vicheko, na saini yake mwenyewe, nzuri, ya mviringo. Alimaliza alama ya mwisho. Akasimama, akatembea kwa adabu hadi mlango wa nyuma, akashuka ngazi, akashika ua wa waya na kutapika maji matupu hadi mbavu zikamuuma.

Mkono mnene ukamshika mgongoni. Earline alikuwa na glasi ya maji, na kipepeo chake amekibana kwapani.

"Taratibu, mwanangu," alisema. "Sogea kidogo kushoto. Hapo ulipo ndipo nilipotapika mimi, na Luvenia alitapikia pale kwenye nyanya."