Karatasi ya Nne Kwenye Kofia ya Duane

Jumapili, tarehe 12 Januari, saa nane na dakika kumi mchana. Karatasi nne zilikuwa ndani ya kofia ya sufu ya Duane, zimekunjwa mara mbili.

Ya nne ndiyo iliyoliua jiji langu.

Naitwa Arlen. Nina miaka sitini na mbili, naishi Duluth, Minnesota. Kwa miaka thelathini na moja nilikagua mizani za maduka na pampu za mafuta. Kipimo kikidanganya, nafunga. Kikiwa sawa, nabandika karatasi, natia tarehe na sahihi.

Nimestaafu. Tabia haijastaafu.

Kila Jumapili tunakaa watu wanne kwenye chumba cha chini ya nyumba yangu, tunacheza. Si karata, si kompyuta. Mmoja anasimulia dunia. Wengine wana wahusika wao humo, wanawasemea na kuwaamulia, na dadu zinasema kama wamefaulu.

Mimi, mke wangu Marlys, kaka yake Duane anayeendesha gari la kusukuma theluji, na Bev, dereva wa basi la shule. Miaka kumi na tisa sasa.

Mchezo wa zamani ulikuwa umeisha. Siku hiyo tulikuwa tunachagua dunia mpya, na zilizoletwa mezani zilikuwa mbili.

Ya Bev: meli kuukuu ya wachimba barafu, inayozunguka sayari ya Zohali.

Yangu: jiji la mwaka 2140. Mvua haikatiki, kila mtu ana tundu la waya nyuma ya sikio. Ukikwama kimaisha, unaiuzia kampuni kumbukumbu zako. Siku ya harusi. Sauti ya mama yako. Wanachomoa, unatoka mlangoni mwepesi, wala hujui kilichopungua.

Nilikuwa nimelijenga kwa miezi kumi na moja. Madaftari matatu.

"Bev, meli yako ina choo kimoja na watu tisa," Duane alisema. "Hiyo si safari ya anga, hilo ni basi lako la shule."

"Afadhali basi. Kwenye gari lako la theluji hata mtu mmoja angeteseka. Kula viazi vyako unyamaze."

Kabla ya kura tuna desturi. Kila mmoja anaandika kitu kimoja ambacho hataki kitokee mchezoni. Haandiki jina. Kikisomwa, kimepita. Hatuulizi nani, hatuulizi kwa nini.

Sheria hiyo niliiandika mimi.

Nikaanza kusoma.

"Watoto wasiumizwe." Sawa.

"Wachezaji wasisalitiane." Hiyo ilikuwa yangu.

"Buibui. Nawaomba." Tukamgeukia Duane, tukacheka. Jitu zima la kilo mia na ishirini.

Ya nne: "Mtu asipoteze kumbukumbu."

Hakuna aliyecheka.

"Nani ameandika hii?" niliuliza.

"Shemeji," Duane alisema, "hatuulizi."

"Najua hatuulizi. Nani ameandika?"

"Arlen, acha hizo," Bev alisema. "Sheria yako mwenyewe."

"Ukitoa kumbukumbu, jiji langu linabaki na nini? Mvua?"

Marlys alikuwa ameanza kukusanya sahani. Zilikuwa bado na chakula.

Nikaahirisha kura. Wakaondoka saa tisa na nusu, mapema kuliko Jumapili yoyote niliyowahi kuandika kwenye kumbukumbu zetu za mchezo.

Nilimshuku Bev. Ndiye aliyekuwa na faida. Jiji langu likianguka, meli yake inapita bila kupingwa.

Lakini kushuku si kuthibitisha. Jumatatu asubuhi nikazipanga karatasi zile chini ya taa, na lenzi yangu ya kazini.

Bev anaandika kwa wino wa kijani. Duane anaandika kwa penseli. Karatasi ya nne ilikuwa na wino wa bluu, na mistari ya njano iliyopauka.

Karatasi ya namna hiyo iko sehemu moja tu ninayoijua: daftari lililo kando ya simu, jikoni kwetu.

Nikapanda juu.

"Marlys. Ni wewe."

Alikuwa anakausha kikombe. Aliendelea kukikausha.

"Ni mimi."

"Miezi kumi na moja, Marlys! Ulikuwa unaniona nikiandika. Ungeniambia chumbani, si kunianika mbele ya watu."

"Nilikwambia."

"Lini?"

Akakiweka kikombe. "Tarehe 9 Desemba tulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Kulikuwa na theluji."

"Theluji ilikuwepo. Ndiyo maana Duane alitupeleka na gari lake."

"Alitupeleka wapi?"

Alivuta droo iliyo chini ya simu, akatoa bahasha, akaniwekea karatasi mbele.

Ilikuwa na nembo ya kliniki, na kichwa: kipimo cha kumbukumbu. Juu, mtu alikuwa ameambiwa achore saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi. Namba zote kumi na mbili zilikuwa zimerundikana upande wa kulia, kama abiria kwenye chombo kinachozama. Mshale ulikuwa mmoja.

"Nani amechora hii takataka?" niliuliza.

Marlys akaweka kidole chini ya ukurasa.

Sahihi ilikuwa yangu.

Hiyo sahihi naijua. Nimeitia kwenye maelfu ya pampu.

"Geuza," alisema.

Nyuma kulikuwa na mistari miwili, kwa mwandiko wangu, mmoja chini ya mwingine:

"Nimeonyeshwa 14 Desemba. Nimeelewa. A."

"Nimeonyeshwa 2 Januari. Nimeelewa. Usimgombeze Marlys. A."

Nilikaa. Sikumbuki kuvuta kiti, ila nilikuwa nimekaa.

"Kwa hiyo hii ni mara ya tatu," nilisema.

"Ya tatu."

"Na mara zote nilikufokea?"

"Ya kwanza ulilia. Ya pili ulifoka." Alitabasamu kidogo, machozi yakiwa yameshafika kidevuni. "Leo umekuja na lenzi. Angalau hiyo ni mpya."

"Mbona hukunizuia nisiandike jiji lile?"

"Ulikuwa na furaha, Arlen. Niliona bora uandike. Lakini kukaa pale kila Jumapili, nikisikia sauti yako ikieleza jinsi mtu anavyochomolewa harusi yake..." Akatikisa kichwa. "Hapana. Hilo silimudu."

Nilishuka chini, nikafungua madaftari yangu. Barabara kuu ya jiji nimeieleza mara nne. Majina manne tofauti, mvua ileile, muuza supu yuleyule. Kila mara nimeandika pembeni: wazo jipya, zuri.

Nikarudi jikoni, nikaomba kalamu.

"Nimeonyeshwa 13 Januari. Nimeelewa. A."

Haya yote nayaandika kutoka kwenye karatasi zilizo mbele yangu, si kutoka kichwani. Marlys amesoma kila mstari na kurekebisha tarehe moja.

Kama nina la kuwaachia ni hili. Mkiwa na sheria ya kutouliza, msiulize. Nilidhani aliyeandika karatasi ile anajilinda mwenyewe au ananiharibia mimi. La tatu sikulifikiria: kwamba mtu anaweza kuficha sababu yake kwa sababu sababu yenyewe ni wewe.

Jumapili, tarehe 19 Januari, saa nane kamili. Kura nne kwa meli ya Bev. Mojawapo yangu.

"Haya, mzee," Bev alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. Duane alikuwa amemweleza. "Choo ni kimoja, nakuonya. Mhusika wako anafanya kazi gani melini?"

"Anakagua vipimo."

"Nilijua tu," Duane alisema. "Mwanamume anafika Zohali kubandika karatasi."

"Jina lake?" Bev aliuliza.

"Osmund Vike."

Tunaandika majina ya wahusika kwenye kadi zilizokunjwa katikati, tunazisimamisha mezani ili wenzetu wasome. Nikaandika, nikaisimamisha yangu.

Marlys alinyoosha mkono, akaichukua. Akaandika jina lilelile upande wa pili, kisha akairudisha mahali pake, upande huo ukinitazama mimi.