Mwanangu kaandika "baba njoo" kwenye tivi, nifute au niache?

Admin naomba unifiche jina. Sasa hivi mwanangu wa miaka mitatu amechukua rimoti, akabonyeza kile kidude cha kuongelea, akaiambia tivi, "Baba njoo." Tivi ikaandika vilevile, baba njoo, ikamletea nyimbo za kwaya. Yeye anacheza. Mimi nimetoka, nimekaa jikoni kwenye moshi nawaandikia.

Nina miaka ishirini na tatu, nimeishia darasa la saba, naishi hapa Karatu na mwanangu na wifi yangu. Mume wangu ni mpishi kwenye loji ya watalii huko Ngorongoro. Mwaka huu alinunua hii tivi ya intaneti, yaani ni kama simu kubwa ukutani. Siku ya kuifunga akawaita wenzake wa kazini waje waione. Mimi kwetu ni Mbulu, nilitaka ng'ombe wa maziwa, na alishaniahidi. Hasira ikanipanda, nikasema mbele yao wote, "Baba Junior, na hii inakamuliwa wapi?" Wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Yeye hakucheka. Asubuhi akarudi kazini, sasa ni miezi mitatu. Hela ya chakula anatuma, lakini nikipiga anasema "niko jikoni", anakata. Nimemwandikia samahani mpaka vidole vimechoka, hajibu.

Wifi ndiye aliyenionyesha kwamba simu ya kaka yake na tivi ni akaunti moja, akitafuta kitu kule na huku kinaonekana. Tangu hapo kila jioni mtoto akisinzia nakaa nasoma alichotafuta. Mpira. Supu ya maboga. Mpira tena. Ndiyo salamu zangu hizo, najua leo yuko mzima. Wifi ananicheka, "Si ulisema haitoi maziwa? Mbona umeigandia?"

Sasa Jumapili nikakuta ameandika: banda la ng'ombe mmoja. Jumatatu: ng'ombe wa maziwa anakula nini. Nililia jamani, nikayagusa yale maandishi kwa mkono. Sijamwambia mtu. Naogopa nikimuuliza atajua nilikuwa namchungulia, aache hata hilo.

Na hii "baba njoo" ataiona. Atajua ni mtoto, au atadhani mimi ndiye nimemtuma mtoto? Wifi anasema kufuta ni kubonyeza mara moja tu. Nyie mliowahi kuishi na mwanaume mwenye kinyongo, niambieni, niifute kabla hajashika simu, au niiache imfikie? Mimi moyo wangu unataka iachwe, ila nili... ngoja, wifi anapiga kelele sebuleni, "Wifi, kimbia uje usome, kuna maandishi mapya juu ya yale ya mtoto!" Nimemuuliza yanasemaje, anasema yameandikwa, "Baba anakuja."